Kosa la Kukubali

Sajeni Wadisoni Kapalamula alifika Nachimbwe akiwa amechelewa, kama wanavyochelewa polisi wote wanaokwenda kazini kwa baiskeli. Petroli ya kituo ilikwisha tangu wiki ya pili ya mwezi, na mtu anayepigwa hangoji petroli. Alipoitupa baiskeli kando ya shamba la mbaazi, Konstebo Zayenda akihema nyuma yake, kijiji kizima kilikuwa kimeshamzunguka Bibi Falesi Nakhumwa, na kila mwenye mkono alikuwa na kitu mkononi.

Bibi Falesi alikuwa na miaka sabini na ushei. Walikuwa wamemnyoa nusu ya kichwa kwa wembe mkavu wakamwacha hivyohivyo, damu ikimtiririka shingoni. Mkono wake wa kushoto ulining'inia vibaya. Kijana mmoja alimkalia miguu, na mwanamke mmoja, ambaye Sajeni alimfahamu vizuri kwa kuwa humuuzia dagaa kila Alhamisi, alikuwa akimpiga mdomoni kwa kandambili. Alimpiga bila haraka, kwa bidii, kama mtu anayefanya kazi ya nyumbani.

Katikati alisimama Fulakisoni Likoswe, mwenyekiti wa waendesha baiskeli za abiria, ameshika mchi. Siku mbili kabla, radi ilimuua binti yake wa miaka kumi na saba akitoka kuchota maji, na mvua yenyewe haikunyesha hata tone. Wiki moja kabla ya radi, mbuzi wa Likoswe waliingia kwenye mbaazi za Bibi Falesi, naye bibi akasema mbele za watu, "Mungu anaona." Basi. Maneno mawili hayo ndiyo ushahidi wote uliokuwapo.

"Rudini nyuma! Polisi!" Sajeni alipaza sauti.

"Karibu, afande," Likoswe alisema bila kugeuka. "Umekuja kutusaidia au kutuhesabu?"

"Mwacheni huyo mama."

"Mama wa nani? Wako?" Watu wakacheka. "Kama ni wako, afande, sema tu, tukunyoe na wewe."

Zayenda alimsogelea mkubwa wake sikioni. "Afande, hiyo bunduki ina risasi ngapi?"

"Mbili."

"Na wao ni wangapi?"

"Nyamaza."

"Kubali!" umati ulimpigia bibi kelele. "Kubali, kizee! Ulimtupia radi mtoto wa watu!"

"Sikufanya," Bibi Falesi alisema. Meno yake mawili yalikuwa juu ya kifua chake, yamenasa kwenye nguo. "Sikufanya, jamani, mimi ni shangazi yake."

Likoswe akashusha mchi. Aliushusha gotini, na mlio wa goti lile Sajeni aliusikia hadi kwenye meno yake. Bibi hakupiga kelele. Alifungua mdomo tu, akabaki ameufungua.

Mwaka uliotangulia, katika kijiji cha ng'ambo ya mto, Sajeni aliwahi kupiga risasi hewani kumwokoa mzee mmoja. Watu walikimbia hatua kumi, wakageuka, wakarudi, wakammaliza yule mzee mbele ya macho yake huku wakimwomba radhi afande awapishe kidogo. Kwa hiyo safari hii hakuinua bunduki. Aliwapenya, akapiga magoti juu ya ile damu, akamsogezea bibi mdomo sikioni.

"Bibi, kubali. Sema ndiyo, mimi mchawi. Nikukamate."

"Lakini siyo, mwanangu."

"Kubali, bibi, watakuua! Kubali, na uendelee kukubali kila utakapoulizwa, mpaka mimi mwenyewe nikwambie basi. Unanisikia? Mpaka nikwambie basi."

Bibi alimtazama. Jicho moja lilikuwa limeshafumba kwa uvimbe. "Ndiyo," akasema, kisha kwa sauti kubwa zaidi, kwa ajili ya wale wa nyuma: "Ndiyo. Ni mimi."

Umati ulinguruma. Likoswe aliinua mchi hadi juu ya kichwa ili amalize, na Sajeni akasimama chini ya mchi huo, pingu mkononi.

"Mmesikia wote! Amekiri mbele ya serikali! Kuanzia sasa huyu ni mfungwa wa serikali. Sheria ya Uchawi ipo, na kifungo chake ni miaka kumi. Atakayemgusa ameiibia serikali mfungwa!"

Mchi ulibaki hewani. "Miaka kumi?" Likoswe aliuliza.

"Kumi."

Likoswe alifikiri. Kufa ni dakika moja, na kuoza jela ni miaka kumi. Alipima hayo mawili na watu wote wakamwona akipima. "Sawa," akasema. "Lakini tunakwenda wote. Tukuone ukiandika."

Ndivyo Bibi Falesi alivyopelekwa kituoni juu ya kiti cha nyuma cha baiskeli ya abiria, akisukumwa na vijana walewale waliomvunja. Kituoni watu waliziba madirisha yote. Sajeni alifungua daftari la mashtaka akitumaini kuandika lolote lile, lakini Likoswe alisoma shule hadi darasa la nane, naye alitaka daftari ligeuzwe upande wake. Ikabidi liandikwe kosa la kweli, na kifungu chake, na jina la sheria.

Sheria hiyo iliandikwa mwaka 1911 na Wazungu wa gavana, nchi ikiwa bado ina jina jingine. Mzungu aliyeiandika hakuamini kwamba uchawi upo. Alisema hivi: anayemwita mwenzake mchawi ana kosa, na anayejiita mchawi naye ana kosa, maana kwake wote wawili walikuwa waongo na wasumbufu wa utawala. Halafu Mzungu akafunga masanduku, akaondoka. Bendera ikabadilishwa, wimbo ukabadilishwa, sura za kwenye noti zikabadilishwa mara ngapi sijui. Sheria ile hakuna aliyeinyooshea mkono, hata faini zake bado zilisomeka kwa pauni.

Sajeni alikuwa amejiambia kwamba watu wakishaondoka ataichana karatasi. Lakini kurasa za daftari la mashtaka zina namba, na Inspekta Namalomba, mkuu wa kituo, alizipitia jioni ileile na kutia sahihi. Njia ya mwongo ni fupi.

"Niliwadanganya tu, bwana mkubwa," Sajeni alimweleza. "Ili wamwache."

"Nimeelewa. Uliwadanganya wakakuona unaandika. Sasa nikifuta, kesho watakuja kuchoma kituo." Inspekta alielekeza kidole nyuma. "Na jiko letu lina paa la nyasi."

"Na Likoswe? Kamvunja mtu mguu mchana kweupe! Sheria hiyohiyo inamshika na yeye, kamwita mwenzake mchawi."

"Mkamate. Lete shahidi."

Sajeni alizunguka Nachimbwe siku mbili. Mwuza dagaa alisema siku ile alikuwa msibani. Mwenyekiti wa kijiji alisema tumbo lilimkata asitoke ndani tangu asubuhi. Mwingine alisema bibi aliteleza kisimani, na alipoulizwa kama ni kisima ndicho kilichomnyoa nusu ya kichwa, alijibu kwamba visima vya siku hizi havieleweki. Jalada la Likoswe likafungwa likiwa tupu. Aliyebaki na kesi ni yule aliyevunjwa.

Bibi alifungwa plasta zahanati, mguu na mkono, akarudishwa mahabusu. Kila siku saa sita mwanawe, Enifa, alimletea ugali na mboga ya majani ya maboga. Enifa alikuwa na miaka thelathini na tano, mpika maandazi sokoni, mwanamke wa maneno machache na mikono mikubwa. Siku waliyompiga mama yake alikuwa sokoni, na hilo halikumwacha alale. Siku mbili kabla ya kesi alimfuata Sajeni nyuma ya kituo, kwenye bomba la maji.

"Mama ameniambia," alisema. "Wewe ndiye uliyemwambia akubali."

"Nilimwokoa, dada."

"Asante. Asante sana. Sasa maliza. Kamwambie hakimu."

"Dada, kwenye mahakama hizi ndogo polisi ndio tunaoshtaki. Mwendesha mashtaka wa kesi ya mama yako ni mimi."

"Si ndiyo vizuri? Uko karibu naye, huna haja ya kupiga kelele."

Sajeni alinawa uso ambao haukuwa mchafu. "Sikiliza. Nikisema, hakimu anamwachia. Akimwachia, anatoka kwa mlango wa mbele. Nje yuko Likoswe na watu mia mbili. Unataka nimtoe jela nimpeleke kwenye mchi? Jela ni mbaya, lakini atakuwa hai."

"Na mimi?"

"Wewe una nini?"

"Sajeni, wewe si mtu wa huku, lakini usijifanye mtoto. Mama akifungwa kwa uchawi, mimi ni binti wa nani? Uchawi hauendi jela na mwenyewe. Unabaki nyumbani, na nyumbani niko mimi. Watasema kaniachia. Watakuja."

"Hama kwa muda."

"Nihamie wapi?" Hapo ndipo Enifa alipokasirika kweli. "Mwanamume ndiye anayehama, anakwenda kwa mkewe. Sisi tuna ardhi ya mama zetu, basi. Niiache ile nikawe nani? Nikalale kwenye veranda ya nani? Sema ukweli, Sajeni. Nitamtoa mimi kwa mlango wa nyuma, nitambeba mgongoni, nitajua mwenyewe. Wewe sema ukweli tu."

"Nitaona," Sajeni alisema.

Tuseme kweli na sisi, tusimpake mafuta. Alimwogopea bibi, ndiyo, na mahesabu yake juu ya mlango ule hayakuwa ya kijinga. Lakini pia alikuwa amebakiza miezi kumi na moja astaafu, na afisa aliyeandika mashtaka ya uongo kwenye daftari la serikali hastaafu, anafukuzwa. Hofu hizo mbili zililala kitanda kimoja kifuani mwake, hata mwenyewe akawa hajui ipi inakoroma.

Siku ya kesi watu wa Nachimbwe walifika kabla ya karani. Hakimu Juwawo hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtaratibu, mwenye miwani, na alipomwona bibi akiingizwa juu ya kiti cha mbao, mguu umenyooshwa mbele, aliagiza aletewe mto. Kisha akaanza kazi kwa Kiingereza, kwa kuwa ndiyo lugha ya mahakama, ingawa humo ndani hapakuwa na mtu hata mmoja aliyezaliwa nayo. Karani alitafsiri kila sentensi kwenda na kurudi, na hakimu, aliyeelewa kila neno la bibi kabla halijatafsiriwa, alingoja kwa heshima mpaka litafsiriwe.

Sajeni alisoma mashtaka. Kwamba mnamo tarehe fulani, Falesi Nakhumwa, kwa maneno yake mwenyewe, alijitangaza kuwa mchawi.

"Unakubali kosa au unakataa?"

Bibi hakumtazama hakimu. Alimtafuta Sajeni kwa lile jicho lake zima, akampata. Sajeni alikuwa akipanga karatasi zilizokwisha kupangika.

"Nakubali, baba."

Hakimu alivua miwani. Aliiacha lugha ya mahakama kwa dakika moja, kitu ambacho hakukifanya mara nyingi. "Bibi, nisikilize. Sheria hii haisemi kwamba uchawi upo. Inasema wewe umejidai unao. Unaelewa?"

"Naelewa, baba. Nakubali."

"Kuna mtu aliyekulazimisha? Aliyekupiga? Aliyekwambia useme hivyo?"

Bibi alimgeukia tena Sajeni, akangoja. Alikuwa ameahidiwa neno moja, naye alilingoja kama mtu anavyongoja aambiwe aweke chini mzigo. Kupitia dirishani Sajeni aliwaona wanawake wakiokota mawe na kuyafunga kwenye ncha za kanga zao. Aliwaona wakichagua, yaliyo madogo waliyaacha. Kwenye benchi la mwisho Enifa alikuwa amesimama bila kujijua.

"Hakuna, baba," bibi alisema hatimaye. "Ni mimi tu."

"Mwendesha mashtaka, una la kuongeza?"

Sajeni alisimama. Alifungua mdomo, na kweli ilikuwepo pale, imekaa tayari, fupi, inatosha pumzi moja.

"Sina, mheshimiwa."

Hukumu ikawa miaka mitatu na kazi ngumu, kazi ianze mguu ukishapona. Hakimu alieleza kwamba amepunguza kwa sababu ya uzee na kwa sababu mshtakiwa hakuipotezea mahakama muda. Walipomwinua na kiti chake, Bibi Falesi alimtabasamia Sajeni kwa fizi, tabasamu la mtoto aliyetumwa dukani na kurudi na kila kitu. Sajeni alitamani ardhi impasukie.

Enifa alipita mbele yake akielekea mlango wa nyuma. Hakumtukana. Alitema mate chini, karibu kabisa na kiatu chake, akaenda.

Nje, Likoswe alikuwa tayari na nakala ya hukumu. Karani alimpa, kwa kuwa ni haki ya kila mwananchi, ikiwa na muhuri wa serikali unaong'aa kwa wino. Aliinyanyua juu kwa mikono miwili na watu wakapiga vigelegele.

"Serikali imethibitisha! Mchawi! Muhuri huu hapa!"

"Haisemi hivyo!" Sajeni aliruka ngazi. "Wee Likoswe, soma vizuri! Hukumu haisemi kwamba ni mchawi. Inasema alidai tu. Sheria yenyewe haiamini uchawi!"

"Haiamini?" Likoswe aliwageukia watu wake, akitabasamu. Alikuwa mzungumzaji mzuri, na huzuni ilikuwa imemnoa zaidi. "Afande, kuna Sheria ya Samaki?"

"Ipo, lakini..."

"Kwa nini ipo? Kwa sababu samaki wapo. Kuna Sheria ya Misitu, misitu ipo. Kuna Sheria ya Tumbaku, tumbaku ipo. Sasa niambie, msomi wangu, Sheria ya Uchawi serikali imeiweka ya nini? Mtu anatunga sheria ya kitu ambacho hakipo?" Watu waliangua kicheko, na ndani ya kicheko kile mwanamke mmoja akauliza kwa sauti nyembamba, "Na binti wa huyo mchawi je?"

Sajeni alilisikia swali hilo. Lakini utaratibu unataka mwendesha mashtaka amsindikize mfungwa hadi kwenye gari la magereza na kutia sahihi, na gari lilikuwa limechelewa, na dereva alikuwa amekwenda kula. Alisubiri. Alitia sahihi. Alijiambia kwamba Enifa ana akili, hatakwenda nyumbani leo.

Enifa alikwenda nyumbani. Alipita njia ya mkato akachukue sufuria za biashara, nguo na kuku wawili, ili akalale sokoni. Alikuwa ndani akifunga mzigo walipofika.

Sajeni na Zayenda waliuona moshi wakiwa bado kwenye daraja. Walikanyaga baiskeli mpaka mnyororo wa Zayenda ukakatika, akaendelea kwa miguu. Baadaye, kwa vipande vipande, ilijulikana jinsi ilivyokuwa. Waliufunga mlango kwa waya kutoka nje, wakawasha nyasi za paa pande zote. Enifa alibomoa tundu kwenye ukuta wa udongo kwa mchi wa chuma, akatoka na nywele zikiwaka. Alitoka akipigana. Alimvunja kijana mmoja taya, akamng'ata mwingine kidole hadi mfupa. Kisha majembe yakamfikia. Walimpiga mgongoni, walimpiga mikononi alipojikinga, walimpiga alipokuwa hajikingi tena, na wale wanawake waliochagua mawe mchana hawakurudi nayo nyumbani.

Sajeni alipofika palikuwa kimya. Watu wengi walikuwa wameshasogea mbali, wakijipukuta vumbi, wengine wakianza kukumbuka kwamba wameacha mbuzi malishoni. Likoswe alikuwa amekaa juu ya kinu kilichopinduliwa, akijifuta jasho kwa ile nakala ya hukumu.

"Karibu, afande," alisema. Sauti yake ilikuwa imechoka. "Huyu alikuwa mbishi. Tulimwuliza mara tatu, hakukubali."

Sajeni alimtazama Enifa. Aliitazama ile mikono mikubwa. Kisha akaishika bunduki kwa mtutu na kumpiga Likoswe kitako cha bunduki usoni.

Likoswe alianguka na kinu. Sajeni akamfuata chini. Alimpiga puani, alimpiga kinywani, alimpiga kwenye mfupa wa shavu hadi ukazama, na kila pigo alihisi utamu, naomba mnielewe, utamu kabisa, kama mtu mwenye kiu anayekunywa. Hakuna mwanakijiji aliyemzuia. Walisimama wakiangalia kama walivyoangalia yote mengine. Zayenda ndiye aliyefika akitweta, akamkumbatia kwa nyuma na kumng'oa.

"Afande! Afande, inatosha! Utamuua!"

Likoswe alitema jino na damu. Alikuwa akicheka, au akilia. Kwa uso ule haikujulikana. "Mimi nimefuata karatasi," alisema. "Aliyeisoma mahakamani ni nani? Mimi? Mimi hata Kiingereza sikijui vizuri. Jifunge pingu kwanza mwenyewe, afande, halafu uje unifunge mimi."

Walikamata watu kumi na mmoja siku ile. Mashahidi walipatikana, safari hii, kwa sababu mwili ulikuwepo na serikali ya mkoa ilituma gari. Hakuna aliyemwuliza Sajeni lolote kuhusu ukurasa wa daftari. Ulikuwa na sahihi, na muhuri, na hukumu juu yake. Ulikuwa sahihi kuliko kitu chochote kituoni.

Siku ya tisa baada ya hukumu alipanda basi hadi gereza la wanawake. Hakutumwa na mtu. Alivaa sare, kwa kuwa bila sare asingeruhusiwa siku isiyo ya wageni, na alibeba mkate na sukari.

Bibi Falesi alikuwa uani, juu ya mkeka, akichambua maharage. Nywele zilikuwa zimeanza kuota upande ule ulionyolewa. Alipomwona, uso wote ulimchangamka.

"Mwanangu! Umekuja kunitazama!" Alimsogezea upande wa mkeka. "Kaa, kaa. Huku si kubaya sana, wananiita nyanya. Wasichana wa humu hawajui hata kupepeta, nawafundisha. Uliona mahakamani? Nilikubali mwanzo mpaka mwisho, kama ulivyoniambia. Yule hakimu alinitega-tega, sikubabaika."

"Niliona, bibi."

"Sasa niambie. Enifa mbona haji? Jumapili wenzangu wote waliitwa getini. Mimi nilikaa na kitenge changu kizuri mpaka jioni, sikuitwa. Au amekasirika?"

Sajeni hakukaa. Njiani, ndani ya basi, alikuwa ametayarisha maneno ya taratibu, yenye ncha zilizopunguzwa, na yote yalimkimbia. Akamwambia. Alimwambia yote, tangu ile "sina, mheshimiwa" mpaka tundu la ukutani. Alimwambia kwamba Enifa alimwomba aseme ukweli naye hakusema. Alimwambia kwamba alikuwa anaogopa.

Bibi aliendelea kuchambua. Aliokota jiwe dogo, akalitupa. Akaokota jingine. Halafu ungo ukamwanguka, maharage yakatapakaa uani kote, naye akajiinua kwa mguu wake mmoja mzima, akishika mkanda wa sare ya Sajeni kupandia. Alipofika juu alimpiga.

Alimpiga kofi la kwanza kwa kiganja. La pili lilikuwa ngumi. Kisha akaanza kumpiga kwa mkono wa plasta, usoni, mfululizo, mpaka kofia ikaruka na damu ikamtoka Sajeni puani na kuichafua ile plasta. Alitoa mlio tu, uleule kwa kila pigo, na wafungwa waliokuwa uani waliacha kazi na kusimama.

Askari jela alikuja mbio, kirungu kimeshatoka. "Afande! Shika kichwa chako, afande! Namshusha sasa hivi! Kumpiga polisi akiwa kazini, hiyo ni miaka miwili juu ya mitatu, kifungu kipo! Nimwandike?"

"Weka kirungu," Sajeni alisema. Alikuwa ameweka mikono nyuma, ameshika mmoja kwa mwingine, kama anavyosimama mtu aliyefungwa pingu. Bibi alipotaka kuteleza aliinama kidogo, ili amfikie vizuri. "Mwache. Mwache amalize."